Kiwango-msingi cha kukuza kurasa: shajara ya kompyuta za chumba cha kusomea, Lamu

Lengo na vifaa

Ukurasa wowote utakaofunguliwa kwenye kompyuta za chumba hiki cha kusomea, Mji wa Kale wa Lamu, ufunguke ukiwa tayari na herufi anazoweza kuzisoma mtu wa miaka sitini aliyesahau miwani nyumbani. Asilazimike kujua Ctrl na +, vitufe vya kukuza ukurasa. Na akichezea kiwango, atakayekalia kiti hicho baada yake akute pamerudi palipokuwa.

Wanaokuja ni wa namna nyingi: wanaojaza fomu za eCitizen (tovuti ya huduma za serikali ya Kenya), wanaosoma magazeti, walimu wa madrasa wanaofungua misahafu na tafsiri, na vijana ambao hawana haja ya ukubwa wote huo lakini hauwasumbui.

Mashine ni za aina tatu. Hapa chini tunaziita A, B na C:

A: kompyuta ya mezani, skrini ya inchi 18.5, pikseli (nukta zinazounda picha ya skrini) 1366 kwa 768, Windows 10, Chrome.
B: laptopu ya inchi 14, pikseli zilezile 1366 kwa 768, Ubuntu 22.04, Firefox.
C: laptopu ya inchi 15.6, pikseli 1920 kwa 1080, Windows 10, Chrome na Firefox zote mbili.

Menyu zote ziko kwa Kiingereza, kwa hiyo majina ya vitufe tunayaandika kama yanavyoonekana kwenye skrini.

14 Januari 2025: kupima kabla ya kugusa

Asilimia ya kukuza haisemi herufi ina ukubwa gani. Inasema imezidishwa mara ngapi, na kile kinachozidishwa hubadilika skrini hadi skrini. Kwa hiyo tulianza na hesabu ya msongamano wa pikseli: upana na kimo kwa pikseli, tafuta ulalo kwa kanuni ya Pythagoras, kisha gawa kwa inchi za skrini. A ilitoa pikseli 85 kwa inchi, B 112, C 141.

Saizi ya kawaida ya maandishi katika vivinjari ni pikseli 16. Bila kukuza chochote, herufi ya saizi hiyo hutengewa kimo cha milimita 4.8 kwenye A, 3.6 kwenye B na 2.9 kwenye C. Yaani C, iliyo ghali na kali kuliko zote, ndiyo inayomtesa mzee zaidi.

Ili B ilingane na A inahitaji takriban asilimia 132. C inahitaji 167, lakini Windows yake ilikuwa tayari imewekwa Scale (kiwango cha kukuza mfumo mzima) ya 125, kwa hiyo kinachobaki kwa kivinjari ni 1.67 kugawanya kwa 1.25, karibu 133. Agizo la "weka 125 kila mahali" lililokuwa kwenye mpango wa mwanzo lilifutwa hapo.

Ukitaka kuhakiki mashine yako bila rula, bonyeza F12 ndani ya kivinjari, fungua Console, andika `devicePixelRatio`. Namba inayotoka ni Scale ya mfumo ikizidishwa kwa kiwango cha kukuza. Andika pia `innerWidth`: huo ndio upana ambao tovuti inadhani inao. Namba hii ya pili ndiyo iliyokuja kuamua mambo mengi kuliko macho ya msomaji.

21 Januari: kukuza mfumo mzima, haikufaa

Njia ya kwanza ilikuwa ya mkato. Windows, Settings, System, Display, Scale 150. Kila kitu kikakua, pamoja na vivinjari, bila kugusa mpangilio wa kivinjari chenyewe.

Kwenye A ikavunjika haraka. Pikseli 1366 kwa 768 zikigawanywa kwa 1.5 zinabaki 911 kwa 512. Programu nyingi za zamani zina madirisha yenye kimo kinachozidi 512, na vitufe vya OK na Cancel hukaa chini kabisa. Vilizama chini ya mwambaa wa kazi, na dirisha la mipangilio ya printa halikuweza kufungwa ila kwa kibodi. Njia ya kujiokoa ni Alt na Space, kisha M, kisha mishale, lakini huwezi kumfundisha hivyo kila anayekuja kuchapa.

A ikarudishwa 100. C ikaachwa 125 kwa sababu ina nafasi: 1920 kugawanya kwa 1.25 ni 1536, na kimo kinabaki 864. Kanuni tuliyobaki nayo: usipandishe Scale ya mfumo ikiwa kimo kitakachobaki kiko chini ya 720.

3 Februari: kukuza herufi bila ukurasa

Chrome ina kitu kingine kinachofanana na kukuza ila sicho: Settings, Appearance, Font size. Very large hupandisha saizi ya kawaida kutoka 16 hadi 24. Faida yake ni kwamba upana wa ukurasa haubadiliki, picha hazikui, na menyu hazihami.

Kasoro yake ni kwamba hutiiwa na tovuti zilizoandika saizi kwa `rem`, `em` au asilimia peke yake, yaani vipimo vinavyotegemea saizi nyingine badala ya pikseli (`px`). Tovuti iliyoandika `font-size: 13px` haisikii. Katika orodha yetu ya kurasa za majaribio, magazeti mengine yalikua vizuri, na tovuti moja ya malipo ikabaki vilevile, huku vichwa vyake tu vikipanuka na kugongana na menyu.

Minimum font size, iliyo chini ya Customize fonts, hulazimisha hata 13px ipande. Tuliijaribu kwa 18. Maandishi madogo yote yakapanda, lakini yakapanda pamoja na vitu visivyotakiwa: namba za tanbihi zilizo juu ya mstari, na alama za vitufe zilizotengenezwa kwa fonti. Kisanduku cha kalenda kikawa na tarehe zilizokatwa nusu. Tuliiondoa kwenye Latini, yaani herufi hizi za Kiswahili na Kiingereza. Itarudi chini kwenye Kiarabu, ambako ina kazi ya maana.

Firefox ina toleo lake la njia hii, kisanduku Zoom text only. Hili ni bora kuliko la Chrome kwa sababu hugusa hata saizi za px. Upana wa ukurasa haupungui, kwa hiyo tovuti haibadilishi sura. Linaloharibika ni masanduku yenye kimo cha kudumu: maandishi hukua, sanduku halikui, mstari wa mwisho unafichwa. Kwa kusoma habari linafaa sana. Kwa fomu za serikali ni hatari, maana mstari unaofichwa mara nyingi ndio unaoeleza kosa.

10 Februari: Chrome, Page zoom

Hatua zenyewe ni fupi. Vitone vitatu, Settings, Appearance, Page zoom, chagua. Au andika `chrome://settings/appearance` kwenye anwani. Huhitaji kuwasha upya.

Linalochanganya ni kwamba kuna viwango viwili. Hiki cha Appearance ni cha tovuti zote. Ctrl na + ni cha tovuti moja, na kikishawekwa hushinda cha jumla mpaka kifutwe. Ndiyo sababu baada ya kuweka 125 kwenye A tovuti kadhaa zilikataa kubadilika: watu walikuwa wamezikuza au kuzipunguza zamani, na Chrome ilikuwa inakumbuka. Orodha yake iko `chrome://settings/content/zoomLevels`. Futa kila mstari kabla ya kuhukumu kiwango kipya. Ukiruka hatua hii utadhani mpangilio haufanyi kazi.

Ctrl na 0 hurudisha kwenye kiwango cha jumla, si kwenye asilimia 100. Hili ni zuri mno kwa kazi kama yetu: kitufe kimoja cha kumwambia mtu, na jibu lake ni sahihi kwenye kila mashine hata kama namba ni tofauti.

Sasa namba. Chrome haina 133; menyu yake inaruka kutoka 125 hadi 150. Kwenye C tulianza na 150 kwa hoja ya kwamba kubwa haliumizi. Liliumiza. Scale 1.25 mara 1.5 ni 1.875, na 1920 kugawanya kwa hiyo ni 1024. Tovuti nyingi zimejengwa zibadilishe sura zikifikia upana fulani. Bootstrap, mfumo unaotumika sana, ina mipaka ya 1200, 992 na 768. Kwenye 1024 tovuti tayari iko chini ya 1200, na baadhi ya tovuti zikakunja menyu yote ndani ya kitufe cha mistari mitatu. Kwa kijana si kitu. Kwa mtu aliyeelekezwa "bonyeza neno Huduma hapo juu", neno halipo. Tulirudi 125: upana 1229, juu ya 1200, menyu kamili. Herufi inakuwa ndogo kidogo kuliko ilivyo kwenye A isiyokuzwa, milimita 4.5 badala ya 4.8, na hakuna aliyelalamika.

A ikakaa 110. Upana 1242. Kwa skrini yake yenye pikseli nene, herufi inafika milimita 5.3.

Anayerudia kazi hii asianze na macho ya mtu. Aanze na upana: gawa pikseli za skrini kwa 1200, kisha kwa 992. Majibu hayo mawili ndiyo ukuta wa kwanza na wa pili. Kwa skrini ya 1366 ni 1.138 na 1.377. Kiwango chochote kati ya hapo kina tabia moja, na hakuna sababu ya kubaki katikati; panda hadi karibu na ukuta usiouvuka.

24 Februari: Firefox

Settings, General, sehemu ya Language and Appearance, Zoom, Default zoom. Kabla ya toleo la 73, la Februari 2020, kazi hii ilihitaji kiongezi. Maelekezo mengi ya zamani bado yanakutuma huko, yapuuze.

Firefox ina 133 kwenye ngazi zake, jambo lililoifaa B: 1366 kugawanya kwa 1.33 ni 1027, juu ya ukuta wa 992, na herufi inafika milimita 4.8, sawasawa na A isiyokuzwa. Ukipanda hadi 150 unaanguka kwenye 911 na sura ya tableti.

Kosa lililokula muda hapa ni `layout.css.devPixelsPerPx` ndani ya `about:config`, ukurasa wa mipangilio ya ndani ya Firefox. Ni neno la zamani linalopendwa, na lina faida ya kukuza hata vichupo na menyu za Firefox yenyewe. Matatizo yake ni mawili. Kwanza, halizidishi Scale ya mfumo, bali linaifuta na kukaa mahali pake: kwenye C yenye Windows 125, kuandika 1.25 hakukubadilisha kitu, na kuandika 1.1 kulipunguza. Thamani ya kurudisha hali ya kawaida ni -1.0. Pili, huzidishana na Default zoom. 1.25 mara 1.33 ni 1.66, na B ikawa na upana wa 822. Chagua kimoja. Sisi tumebaki na Default zoom, na `devPixelsPerPx` tumeliacha kwenye -1.0 kote.

Jambo lingine la B: gurudumu la kipanya. Mtu akishika Ctrl huku anasogeza gurudumu, ukurasa hukua au kupungua, na wengi hawajui wamefanya nini. Katika `about:config`, `mousewheel.with_control.action` iko 3. Ukiweka 1, gurudumu husogeza ukurasa tu hata Ctrl ikiwa imeshikwa. Kubana kwa vidole viwili kwenye padi ya laptopu ni kitu tofauti: hukuza picha ya ukurasa bila kuupanga upya, na hakukumbukwi. Bana kinyume na umemaliza.

8 Aprili: kunakili kwenye mashine nyingi

Kazi ilisimama Ramadhani. Iliporudi, swali likawa namna ya kupeleka mpangilio bila kukaa mbele ya kila mashine.

Firefox inaonekana rahisi kwa sababu ina faili la sera, yaani maagizo ya msimamizi wa kompyuta, `policies.json`, ambalo kwenye Ubuntu hukaa `/etc/firefox/policies/`. Lakini Default zoom haimo ndani ya `about:config`, na sera za Preferences hugusa vilivyomo humo tu. Imehifadhiwa kwenye hifadhidata ndogo ndani ya profaili (folda ya mipangilio na kumbukumbu za mtumiaji wa kivinjari), `content-prefs.sqlite`, pamoja na viwango vya tovuti mojamoja. Ya jumla ni ule mstari usio na tovuti. Funga Firefox, kisha uangalie hivi:

`sqlite3 content-prefs.sqlite "SELECT p.value FROM prefs p JOIN settings s ON s.id=p.settingID WHERE s.name='browser.content.full-zoom' AND p.groupID IS NULL;"`

Likitoka 1.33 faili ni zima. Hapo unalinakili kwenye profaili ya mashine nyingine, Firefox ikiwa imefungwa. Profaili yenyewe iko wapi? Andika `about:support`. Kwenye Ubuntu 22.04 Firefox huja kama snap (kifurushi cha programu kilichotengwa na sehemu nyingine za mfumo), na profaili ziko `~/snap/firefox/common/.mozilla/firefox/`, si `~/.mozilla` kama zamani.

Tahadhari kubwa: usinakili faili hilo kutoka kwenye profaili iliyotumika. Ndani yake mna majina ya tovuti ambazo watu walizikuza, na folda walizopakulia faili kwa kila tovuti. Hizo ni habari za watu. Tengeneza profaili mpya kupitia `about:profiles`, weka Default zoom peke yake, funga, nakili.

Chrome huweka kila kitu kwenye faili la maandishi liitwalo `Preferences`. `Chrome://version` huonyesha folda yake kwenye Profile Path. Tafuta humo `default_zoom_level`. Namba utakayoikuta si 1.25. Chrome huhesabu kwa vipeo vya 1.2, kwa hiyo 125 ni 1.2239, 110 ni 0.5228, 150 ni 2.2239. Kwa kiwango kingine: logi ya kiwango, gawa kwa logi ya 1.2.

Kuhariri faili hili kwa mkono kuna mitego miwili, na yote ilitukuta. Chrome ikiwa wazi, hata kama imejificha karibu na saa chini kulia, huandika upya faili inapofungwa na kufuta ulichoweka. Funga kabisa, hakikisha kwenye Task Manager. Na koma moja ikikosekana, Chrome hulikataa faili zima, hulibadilisha jina kuwa `Preferences.bad`, na kuanza na mipangilio mitupu. Kabla ya kufungua, pitisha faili kwenye `python3 -m json.tool`, likiwa bovu litakuambia mstari.

Baada ya hapo tuliona hakuna haja ya kuhariri. Kuweka Page zoom kwa menyu kwenye profaili safi na kunakili folda nzima ni salama zaidi, kwa sharti moja, la ukurasa wa mwanzo, lililoandikwa hapa chini.

29 Aprili: irudi yenyewe

Guest mode ya Chrome ilikuwa jibu la kwanza: kila dirisha likifungwa kila kitu hufutika. Hufutika pamoja na kiwango chetu. Guest haina profaili ya kurithi, huanza 100 kila mara. Dirisha la Incognito hurithi kiwango cha jumla cha profaili yake, lakini mtu husahau kulifungua, na chumba cha umma hakiendeshwi kwa kukumbushana.

Tulichokubaliana nacho ni nakala safi na nakala ya kazi. Kwenye Windows, njia ya mkato iliyo mezani haifungui Chrome moja kwa moja bali faili dogo la `.bat` lenye mistari miwili:

`robocopy C:\Profaili\safi C:\Profaili\kazi /MIR`
`start "" "C:\Program Files\Google\Chrome\Application\chrome.exe" --user-data-dir=C:\Profaili\kazi https://www.ecitizen.go.ke`

Anwani ya mwisho ipo kwa sababu. Kwenye Windows, Chrome hufunga baadhi ya mipangilio, ukiwemo ukurasa wa mwanzo, kwa sahihi (alama ya uthibitisho) inayotokana na mashine husika. Ukinakili profaili kutoka mashine moja hadi nyingine, sahihi haitalingana na mipangilio hiyo hurudishwa mwanzo. Kiwango cha kukuza hakimo kwenye kundi hilo, kinabaki. Ukurasa wa mwanzo ndio uliopotea, na kuuweka kwenye amri kulitatua bila mzozo.

Kwenye Ubuntu, nakala safi iliwekwa `/opt/profaili-safi` na Firefox ikaambiwa iifungue kutoka huko. Ikakataa. Snap haina ruhusa ya kuingia `/opt`. Suluhisho ni kuacha nakala safi hapohapo lakini kunakili kufanywe na script (faili la amri) iliyo nje ya snap, kabla Firefox haijafunguka:

`mkdir -p ~/snap/firefox/common/kazi`
`rsync -a --delete /opt/profaili-safi/ ~/snap/firefox/common/kazi/`
`firefox --profile ~/snap/firefox/common/kazi`

Alama ya `/` mwishoni mwa njia ya kwanza si ya urembo. Bila hiyo rsync hunakili folda ndani ya folda, na Firefox hufungua profaili tupu yenye asilimia 100.

Mwenye haraka anaweza kuridhika na njia nyepesi: Firefox, Privacy & Security, History, chagua kufuta historia inapofungwa, weka alama kwenye Site settings. Hiyo hufuta viwango vya tovuti mojamoja na kuacha cha jumla kilivyo. Ila mtu akibadilisha Default zoom yenyewe haitarudi.

20 Mei: herufi za Kiarabu

Asilimia 133 iliyotosha kwa Latini haikutosha kwa msahafu. Herufi yenyewe inaonekana, irabu hazionekani: fatha na kasra zinakuwa vumbi, na shadda haijulikani kama ipo. Kupandisha ukurasa wote hadi 200 kungeirudisha B kwenye upana wa 683.

Firefox huruhusu kila mwandiko uwe na mpangilio wake. Settings, General, Fonts, Advanced, halafu kwenye Fonts for chagua Arabic. Tuliweka Size 24 na Minimum font size 22. Hizi huzidishwa tena na 1.33, kwa hiyo herufi ndogo kabisa ya Kiarabu inatoka na pikseli 29. Fonti tuliyochagua ni Amiri, inayopatikana kwa `sudo apt install fonts-hosny-amiri`. Nafasi yake ya juu na chini ya mstari ni pana na irabu hazigongani. Kwenye C kusoma Qur'ani kumehamishiwa Firefox kwa sababu hiyohiyo.

Mpangilio huu hufuata lugha iliyotangazwa na ukurasa, `lang="ar"`, haufuati umbo la herufi. Ukurasa wa Kiarabu usiotangaza lugha hauguswi. Vilevile ukurasa wa tenzi za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, ambao umetangaza `sw`, huchukuliwa na mpangilio wa Latini. Kwa mji wenye miswada kama huu si jambo la pembeni. Kwa kurasa za namna hiyo hakuna njia isipokuwa Ctrl na +, au, kama ukurasa ni wako, kuandika saizi kubwa ndani yake.

10 Juni: PDF na simu

PDF ndani ya Firefox hazifuati Default zoom; zina kipimo chao. Hiki sera inakiweza. Ndani ya `policies.json`:

`{ "policies": { "Preferences": { "pdfjs.defaultZoomValue": { "Value": "page-width", "Status": "default" } } } }`

Fungua `about:policies` kuona kama imesomwa. Page-width ni bora kuliko namba, kwani fomu ya A4 hujaza skrini kwa upana na msomaji anashuka tu. Picha iliyoskaniwa vibaya itabaki mbaya, ila kubwa.

Simu hazikuwa kwenye mradi, lakini kila aliyeona kompyuta alitoa yake mfukoni. Chrome ya Android: vitone vitatu, Settings, Accessibility, Default zoom, sogeza. Washa pia Force enable zoom, kwani tovuti zingine huzuia kukuza kwa vidole na hiki huzipuuza. iPhone: Settings, Safari, Page Zoom, kwenye iOS 18 Safari imehamia ndani ya Apps.

25 Juni: gharama na kilichobaki

Programu zote ni za bure. Flashi ya GB 16 ya kubebea profaili, shilingi 800. Karatasi za lebo zilizoandikwa "Ctrl + 0" na kubandikwa chini ya kila skrini, shilingi 150. Za kwanza zilibanduka kwa unyevu wa bahari, zikafunikwa kwa selotepu pana, shilingi 100. Kibodi moja ilibidi inunuliwe, shilingi 900, kwa kuwa kitufe chake cha 0 kilikuwa kimeliwa na chumvi, na lebo isingekuwa na maana.

Viwango vilivyobaki vikitumika: A Chrome 110, B Firefox 133, C Windows Scale 125 na Chrome 125, Firefox 120. Firefox ya C ilishushwa kutoka 133 kwa sababu 1155 iko chini ya ukuta wa 1200, na 1280 iko juu yake.

Microsoft ilitangaza kuacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. C ilipangwa kuhamishwa kabla ya hapo, na jambo la kwanza baada ya kuhamisha ni kuangalia Scale, kwani ikibadilika kutoka 125 namba zote za vivinjari vya C zitahesabiwa upya. A haijaamuliwa: ikiingia Ubuntu itachukua script ya B, ila kwa asilimia 110.